Masurufu ya Safari ya Nje: Mwongozo Kamili wa Kupanga Fedha ya Kila Siku kwa Anayeondokea Mwanza

Anayetoka Mwanza kwenda nje ya nchi kwa kawaida hufuata shughuli maalumu. Anafuata mzigo Kampala au Dubai, anampeleka mgonjwa India, anakwenda Umra, au anamtembelea ndugu aliyehamia Ulaya. Shughuli hiyo hupangiwa fedha kwa makini sana, kisha kinachobaki ndicho kinachoitwa fedha ya kula na kulala. Mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Fedha ya shughuli inaweza kupungua bila maafa, kwa kuwa mzigo ukipungua katoni mbili utauchukua safari ijayo. Lakini fedha ya kula, ya kulala na ya kurudi nyumbani ikipungua, hakuna safari ijayo ya kungojea, na hapo ndipo mtu mzima mwenye duka lake Makoroboi anapojikuta akiwapigia simu watu usiku akiomba atumiwe chochote.

Kwa hiyo mwongozo huu umesimama juu ya kanuni moja: masurufu, yaani hiyo fedha ya kula, ya kulala na ya kurudi, hutengwa kwanza, kabla ya mtaji, kabla ya zawadi na kabla ya maagizo ya majirani. Hatua zinazofuata zinaeleza namna ya kuyakadiria, kuyabadilisha, kuyabeba na kuyasimamia hadi siku ya kurudi.

Hatua ya kwanza: hesabu siku zote, kuanzia mlangoni hadi mlangoni

Wengi huhesabu siku za kukaa ugenini peke yake. Safari ya ndege kutoka Mwanza mara nyingi hupitia Dar es Salaam, na ratiba za ndege zisipoendana utalala Dar usiku mmoja wa kwenda au wa kurudi. Safari ya basi kwenda Kampala hupitia Bukoba na mpaka wa Mutukula. Ile ya Kisumu hupitia Musoma na mpaka wa Sirari. Ile ya Kigali hupitia Kahama na mpaka wa Rusumo. Siku hizo za njiani zina matumizi yake, na zina shida ya pekee kwamba katika siku moja unaweza kuhitaji fedha za nchi mbili.

Chukua daftari, uandike tarehe zote kwa mfululizo, kila tarehe na mstari wake. Pembeni ya kila tarehe andika ni siku ya namna gani: ya njiani, ya shughuli, au ya kungoja. Siku ya kungoja ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayomaliza fedha kimyakimya, kwa sababu mtu asiye na kazi hula nje mara nyingi zaidi na hutembea madukani bila lengo. Anayefuata mzigo China aangalie kalenda kabla ya kukata tiketi: Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, viwanda na maduka ya jumla hufungwa kwa siku nyingi, na mfanyabiashara aliyefika kipindi hicho hulipia chumba bila kununua kitu.

Kwa safari ya matibabu hesabu hii ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika mgonjwa ataruhusiwa lini. Hapo usipange kwa siku bali kwa juma. Kadiria gharama ya juma moja la anayemsindikiza mgonjwa, kisha uzidishe kwa idadi ya majuma ambayo daktari ameyataja, na uongeze juma moja zima. Nasisitiza jambo la msindikizaji kwa sababu familia nyingi huchangishana kwa ajili ya hospitali na tiketi, na msindikizaji anaondoka akiwa na fedha ya soda. Mtu huyo ndiye atakayekwenda kununua dawa, atakayelipa usafiri wa mjini na atakayekaa macho usiku. Akishindwa kula vizuri, mgonjwa naye amekosa mlezi. Tafuta nyumba ya wageni yenye jiko karibu na hospitali, kwa kuwa kujipikia kunapunguza gharama ya chakula kuliko mbinu nyingine yoyote, na unga wa ugali wa kilo chache mkobani huwa faraja kubwa kwa mgonjwa aliyechoshwa na viungo vya kigeni.

Hatua ya pili: tenganisha gharama za mkupuo na fedha ya siku

Hili ndilo kosa la hesabu linaloonekana kwenye daftari nyingi: mtu anajumlisha gharama zote, anagawanya kwa idadi ya siku, kisha anajiambia kwamba anayo kiasi fulani cha kutumia kila siku. Wastani huo unadanganya. Chumba hulipwa kwa mkupuo, tena mara nyingi siku ya kwanza. Laini ya simu hununuliwa mara moja. Taksi ya uwanja wa ndege hulipwa mara mbili tu. Fedha ya siku ni ile inayotoka mfukoni kila siku: chakula, maji, nauli za mjini na vitu vidogo. Hiyo iandikwe peke yake.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa nguo za watoto anayekwenda Dubai kwa siku sita, akalala usiku tano mtaa wa Deira. Viwango vya chumba na chakula ni vya mfano, naye ataweka bei alizoulizia mwenyewe. Chumba kikiwa dirham 160 kwa usiku, usiku tano ni dirham 800. Dubai hutoza pia ada ya utalii ya kati ya dirham 7 na 20 kwa chumba kwa kila usiku, kulingana na daraja la hoteli, na ada hiyo aghalabu hudaiwa mapokezini hata kama chumba kilikwisha kulipiwa mtandaoni. Tukikadiria dirham 10, ni dirham 50 nyingine. Taksi za uwanja wa ndege, kwenda na kurudi, tuziwekee dirham 120, na laini ya simu yenye intaneti dirham 100. Jumla ya mkupuo ni dirham 1,070. Sasa fedha ya siku: chakula dirham 45, nauli dirham 20, maji na vitu vidogo dirham 15, yaani dirham 80 kwa siku, ambazo kwa siku sita ni dirham 480. Masurufu yote yanafika dirham 1,550.

Angalia tofauti. Ukigawanya 1,550 kwa siku sita utapata kama dirham 258, na mtu mwenye namba hiyo kichwani ataingia mgahawa wa bei kubwa siku ya pili akiamini kwamba anayo nafasi. Mwenye namba 80 kichwani anajua mipaka yake. Nauli ya dirham 20 kwa siku inatosha kwa anayetumia metro na mabasi, kwa sababu kadi ya Nol, ambayo ndiyo ya kulipia nauli hizo, ile ya rangi ya fedha (Silver), huuzwa dirham 25, ndani yake mkiwa na salio la dirham 19, na safari moja hugharimu dirham 3, 5 au 7.5 kulingana na kanda unazovuka. Anayekwenda kila mahali kwa taksi hawezi kuishi kwa dirham 20, na ni afadhali akubali hivyo kwenye daftari kuliko kushangaa barabarani.

Hatua ya tatu: akiba ya dharura ihesabiwe kwa dharura zenyewe

Kuna ushauri uliozoeleka wa kuongeza asilimia fulani juu ya jumla. Sioni kwamba unafaa, kwa kuwa ndege ikiahirishwa gharama yake haijali jumla yako ilikuwa kubwa au ndogo. Jiulize ni mambo gani hasa yanaweza kutokea, na uyape bei: usiku mmoja wa ziada, chakula cha siku mbili, taksi ya ghafla, dawa. Kwa yule mfanyabiashara wa Dubai, chumba na ada yake ni dirham 170, chakula cha siku mbili ni dirham 90, na taksi pamoja na dawa tuziwekee dirham 190. Hiyo ni dirham 450, na masurufu pamoja na akiba yanakuwa dirham 2,000. Kwa kuwa dirham imefungwa kwa dola tangu mwaka 1997 kwa kiwango cha dirham 3.6725 kwa dola moja, kiasi hicho ni takriban dola 545. Riyali ya Saudi Arabia nayo imefungwa, kwa riyali 3.75 kwa dola, na kwa hiyo anayekwenda Umra anaweza kufanya hesabu yake yote kwa dola bila hofu ya kiwango kuyumba njiani. Kinachoweza kuyumba ni shilingi yetu dhidi ya dola, kabla hajaondoka.

Anayerudi na mzigo aongeze kifungu kimoja ambacho hakimo katika dharura kwa sababu si dharura, ni hakika: uzito wa ziada. Kiwango cha mizigo katika ndege ya kimataifa mara nyingi ni kikubwa kuliko kile cha ndege ya ndani, na aliyekata tiketi mbili tofauti, moja ya Dubai hadi Dar na nyingine ya Dar hadi Mwanza, atapimiwa upya Dar es Salaam kwa kipimo kidogo zaidi. Soma masharti ya tiketi zote mbili, ujue bei ya kilo moja ya ziada, na utenge fedha hiyo kwa shilingi.

Hatua ya nne: kununua fedha za kigeni ukiwa bado Mwanza

Benki Kuu ya Tanzania hutangaza kila siku viwango vya kubadilisha fedha. Kiwango hicho ni cha kujipimia tu, na dirishani utauziwa kwa bei ya juu kidogo; lakini ukikijua utatambua mara moja duka linalokukamua. Uliza katika benki mbili au tatu na katika duka lenye leseni, ukilinganisha bei ya kuuzia, kwa kuwa wewe ndiye unayenunua. Nenda na pasipoti na tiketi, udai risiti, na uitunze. Anza kazi hii wiki mbili kabla ya safari, kwani kuna siku dirisha huwa halina noti za kutosha, na anayekuja siku ya mwisho hupokea anachopewa.

Unapopokea dola, zikague noti moja moja kabla ya kuondoka dirishani. Maduka mengi ya kubadilisha fedha, hapa kwetu na huko uendako, hukataa noti za dola za zamani au huzinunua kwa bei ya chini, ingawa serikali ya Marekani haijazifuta. Omba noti za 100 zenye utepe wa bluu, zilizoanza kutolewa Oktoba 2013. Kataa iliyochanika, iliyoandikwa kalamu au kugongwa muhuri. Noti za 50 na 100 hupata kiwango kizuri kuliko noti ndogo, kwa hiyo kiasi kikubwa kiwe katika noti kubwa. Hata hivyo beba noti chache za dola 1, 5 na 10 kwa ajili ya saa za kwanza, kabla hujapata fedha ya nchi uliyofikia.

Kama unazo noti za kigeni ulizotunza nyumbani au ulizoachiwa na mgeni, hakikisha bado zinatumika. Noti za zamani za shilingi 1,000 za Kenya zilifutwa baada ya tarehe 30 Septemba 2019, na noti za sasa za Kenya zina picha ya KICC, jengo la mikutano la Nairobi. Pauni za karatasi za 20 na 50 za Uingereza ziliacha kupokelewa madukani baada ya tarehe 30 Septemba 2022, na sasa hutumika za plastiki. India ilitangaza Mei 2023 kuiondoa noti ya rupia 2,000 katika mzunguko, hivyo kubwa utakayoishika ni ya 500.

Kuhusu kutoa taarifa: hakuna kosa kubeba fedha nyingi zilizo halali, kosa ni kutozitaja. Kwetu, anayevuka mpaka na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 au thamani yake katika fedha nyingine anapaswa kujaza fomu ya forodha. Umoja wa Falme za Kiarabu hutaka taarifa kwa fedha zinazozidi dirham 60,000, Saudi Arabia riyali 60,000, na China fedha za kigeni zinazozidi dola 5,000. India huhitaji tamko pale noti zinapozidi dola 5,000. Mfanyabiashara mwenye mtaji atoe taarifa, ili akisimamishwe iwe kwa ukaguzi tu, asinyang'anywe.

Hatua ya tano: kadi na simu

Kabla ya safari fika kwenye tawi la benki yako, uombe kadi iruhusiwe kutumika nje ya nchi, na uulize maswali matatu, ukiandika majibu: kila ninapotoa fedha kwenye ATM ya nje natozwa kiasi gani, ubadilishaji wa fedha unaongezewa asilimia ngapi, na kikomo cha siku ni kiasi gani. Ada ya kutoa huwa ni ile ile hata ukitoa kidogo, na mwenye ATM naye anaweza kutoza yake. Kwa hiyo kutoa mara moja kiasi cha siku tatu ni nafuu kuliko kutoa kila asubuhi. Tumia ATM iliyo ndani au ukutani mwa benki, tena saa za kazi, ili kadi ikimezwa uwe na mtu wa kumwendea papo hapo.

Mashine nyingine za nje zitakuuliza kama ungependa ukatwe kwa shilingi za Tanzania au kwa fedha ya nchi hiyo. Chagua daima fedha ya nchi hiyo. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na anajipangia kilicho na faida kwake. Swali hilohilo huulizwa hotelini na madukani kwenye mashine za malipo, na mhudumu mwingine hulijibu mwenyewe bila kukuuliza, hivyo tazama kioo kabla ya kubonyeza namba ya siri.

Benki nyingi huthibitisha malipo ya mtandaoni kwa namba inayotumwa kwenye simu yako ya Tanzania. Laini hiyo ikizima, kadi nayo imezima kwa malipo ya namna hiyo. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado Mwanza, uweke salio, na laini ya ugenini uiweke kwenye nafasi ya pili ya simu. China hili ni la lazima, kwa kuwa malipo ya kila siku, hata ya tambi za barabarani, hufanyika kwa kuskani msimbo kwa Alipay au WeChat. Programu hizo hukubali kadi za Visa na Mastercard za nje. Zisakinishe na kuzithibitisha kwa pasipoti kabla ya safari. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana ada, na yanayozidi hapo hutozwa asilimia 3 kwa kadi ya nje. Fedha ya siku ya mtu mmoja inaweza kuenea chini ya kiwango hicho kwa kila malipo. Beba pia yuani taslimu, hasa noti ndogo, maana wauzaji wadogo hawana chenji ya noti ya 100, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote.

Kwa Kenya mambo yana sura nyingine. Tangu mwaka 2015 mteja wa M-Pesa wa Tanzania ameweza kumtumia fedha mteja wa M-Pesa wa Kenya, lakini usidhani kwamba wakala wa Kisumu atakutolea fedha kutoka laini yako ya Tanzania kama anavyofanya wakala wa Kirumba. Anayekwenda Kenya mara kwa mara asajili laini ya huko kwa pasipoti yake, ajitumie kiasi cha siku chache, kisha alipe kwa simu kama wenyeji wanavyofanya.

Hatua ya sita: mpakani na saa za kwanza

Basi la Mwanza linaweza kukufikisha Kampala wakati maduka ya kubadilisha fedha yamefungwa. Kwa hiyo kule Mutukula badilisha kiasi cha mambo matatu tu: boda boda au taksi, chumba cha usiku mmoja, na mlo. Zinazobaki zibadilishe mjini kesho yake, ambako maduka ni mengi na yanashindana. Sirari na Rusumo utaratibu ni huohuo.

Vijana wanaobadilisha fedha mpakani hufanya kazi kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo hatari. Ingia mpakani ukiwa umekwisha kupiga hesabu, umeandika kwenye karatasi kwamba shilingi laki moja zinapaswa kuleta kiasi gani. Pokea na uhesabu fedha zake kwanza, ndipo utoe zako. Akikwambia uzirudishe kidogo azihesabu tena, zihesabu upya zikirudi, noti moja moja, hata basi likipiga honi. Penye duka au benki ya mpakani iliyo wazi, nenda huko.

Kichwa nacho kinahitaji kuzoezwa. Noti ya shilingi 100 ya Kenya inaonekana ndogo machoni mwa Mtanzania, kumbe inakaribia elfu mbili yetu, na mtu hutoa tano sita kwa siku bila kuhisi. Uganda ni kinyume chake: namba ni kubwa, shilingi moja yetu huleta zaidi ya moja yao, na mgeni huona kila kitu ghali hadi anajinyima chakula. Dawa ni moja. Tafuta kipimo kimoja cha kudumu, kwa mfano bei ya sahani ya wali na samaki ya mama lishe wa kwenu, uijue kwa fedha ya huko, kisha ulinganishe nacho kila bei unayotajiwa.

Hatua ya saba: kubeba

Gawa fedha sehemu tatu zisizokutana. Ya siku iwe mfukoni, kiasi ambacho kikipotea kitakuuma lakini hakitakusimamisha. Masurufu yaliyobaki yakae kibindoni, kwenye mkoba mwembamba unaovaliwa ndani ya nguo, usiofunguliwa barabarani. Akiba ya dharura na kadi ya pili vikae mbali na hivyo viwili, kwenye kabati la siri la hoteli au ndani kabisa ya begi lenye kufuli. Mtaji wa biashara una njia yake na usiingie katika mgawanyo huu hata kidogo. Ukiweza kuulipa kwa njia ya benki, afadhali. Mkisafiri wawili, kila mmoja abebe masurufu yake mwenyewe, maana mkipoteana katika soko la Owino, Kampala, hakuna anayepaswa kubaki bila nauli.

Hatua ya nane: hesabu ya kila usiku

Kila usiku kabla ya kulala, andika kilichotoka siku hiyo na uhesabu kilichobaki mkononi. Dakika chache zinatosha. Vitu vinavyostahili kuandikwa hasa ni vile vidogo, kwa sababu chumba na taksi kubwa huzikumbuki kwa daftari, unazikumbuka kwa maumivu. Lakini chupa za maji, chai za jioni na nauli za hapa na pale ndizo zinazofanya mtu aseme fedha zimeyeyuka.

Kisha fuata taratibu mbili. Ukitumia pungufu, ziada isiongezwe kwenye siku ya kesho. Ipelekwe kwenye akiba. Yule wa Dubai mwenye dirham 80 akitumia 65, hizo 15 zimehama. Ukitumia zaidi, pengo ligawanywe kwa siku zote zilizobaki, lisibebeshwe kesho peke yake. Akitumia 120 siku ya pili, amezidisha 40, na siku nne zilizobaki kila moja inapungua 10, yaani anaishi kwa 70. Kujaribu kufidia 40 kwa siku moja ni kujifungisha, na mtu aliyejifungisha bila nia siku inayofuata hula mara mbili.

Kuna siku mtaji utakuita. Utaona mzigo mzuri, bei imeshuka, na unapungukiwa kidogo. Masurufu yapo kibindoni. Hapo ndipo mpango wote hujaribiwa. Ushauri wangu ni kwamba usiyaguse kabla ya siku ya mwisho. Siku ya mwisho, baada ya kutenga taksi, mlo wa njiani, uzito wa ziada na akiba, kilichobaki ni halali yako, nunua.

Ikitokea umekwama kabisa, huduma kama Western Union na MoneyGram hupokelewa kwa pasipoti. Mwambie anayekutumia aandike jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule, na akutumie namba ya muamala kwa siri. Mtu huyo umchague na umweleze kabla hujaondoka, na nakala ya ukurasa wa pasipoti yako iwe kwenye simu yake.

Hatua ya tisa: kurudi na kufunga hesabu

Tunza shilingi za Tanzania tangu siku ya kuondoka, za kukutoa uwanja wa ndege wa Mwanza hadi Buzuruga au Nyegezi, na za kulala Dar kama ratiba inalazimisha. Sarafu za chuma za kigeni hazibadilishwi madukani, kwa hiyo zimalizie uwanja wa ndege kwa maji au mkate. Anayenunua bidhaa za matumizi Dubai akumbuke kwamba bei zina kodi ya asilimia 5, na mgeni hurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo uwanja wa ndege kwa manunuzi yanayoanzia dirham 250 katika duka lililo kwenye mpango huo, mradi alionyesha pasipoti dukani wakati wa kulipa. Fika mapema, na usikabidhi begi kabla ya kuthibitisha risiti, kwa kuwa bidhaa zinaweza kukaguliwa.

Dola zilizobaki hutaweza kuzitumia kulipia kodi ya fremu wala bidhaa hapa nyumbani, kwa sababu kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Ziweke kwenye akaunti ya dola au uzibadilishe, ukiwa na risiti ya awali mkononi.

Mwisho kabisa, hoteli nyingi hushikilia kiasi cha amana kwenye kadi yako siku ya kuingia, na amana hiyo huchukua siku kadhaa kuachiwa baada ya kuondoka. Omba benki ikupe taarifa ya akaunti wiki mbili baada ya kurudi, uilinganishe na daftari lako mstari kwa mstari, na panapotokea makato usiyoyatambua, peleka malalamiko kwa maandishi pamoja na risiti, mapema iwezekanavyo.